Kilimia barabarani

Kijana anayepita usiku na Subaru yake, bomba likinguruma mpaka vioo vya madirisha vinatetema, huenda hajui kwamba amepanda jina la nyota. Tena si nyota ngeni kwetu. Subaru ni jina la Kijapani la kile kishada cha nyota ambacho Waarabu hukiita Thuraya, na Waswahili, kilimia.

Kwa Kijapani neno hilo hubeba maana ya kukusanyika, na lilikuwa na kazi ya kufanya. Kiwanda cha ndege cha Nakajima kilivunjwavunjwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nacho zikaunda Fuji Heavy Industries, mtengenezaji wa Subaru. Ndiyo maana nembo ina nyota moja kubwa na tano ndogo. Gari la kwanza kupewa jina la Subaru lilitengenezwa mwaka 1954, na mwaka 2017 jina la gari likaimeza kampuni yenyewe.

Sisi tuliitazama mbingu ileile tukaona jembe. Kilimia kinatokana na kulima: mkulima alikitazama kinavyochomoza na kuzama, akajua kama mvua i karibu. Mimi, nikiulizwa, nalipenda zaidi letu, maana lina udongo.

Na udongo Subaru imeuonja. Dereva Colin McRae alishinda nayo mbio za magari za Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000. Magari yalikuwa ya buluu, yaliyotapakaa udongo.