Maji ya Ndege na Maji ya Shamba

Wanachama wenzetu, chama kinapotimiza miaka kumi, desturi ni kuhesabu magunia yaliyouzwa na fedha zilizolipwa. Hesabu hizo zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa twaandika historia ya maji, kwa kuwa bila hayo magunia yasingalikuwapo.

Karatu yetu ipo kati ya maziwa mawili ya magadi: Manyara upande wa mashariki na Eyasi upande wa magharibi. Hakuna mto utokao katika maziwa hayo, hivyo kila udongo uingiao hubaki humo. Heroe, ambao katika Afrika ya Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron, huja kula katika maziwa haya na katika ziwa la bonde la Ngorongoro. Kaskazini yetu upo msitu wa nyanda za juu, unasao ukungu na mvua. Maji huzama ardhini, kisha hutokea chini kuwa chemchemi. Hizo ndizo zinazostawisha msitu wa Manyara, na hizo ndizo zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola.

Wazee wa Kiiraqw, katika milima yao ya kusini, walilima kwa samadi na matuta, wakaacha mabonde yawe malisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilipunguza mifugo ya Mbulu, ikafyeka vichaka vya mbung'o, na watu wengi wakahamia Karatu. Trekta na ngano zikafuata. Palipolimwa kwa kufuata mteremko, mvua ilichukua udongo, makorongo yakachimbika, na tope likashuka Manyara. Ziwa lililopungukiwa kina hukauka upesi wakati wa kiangazi, na ndege huhama.

Huko Eyasi shida ni ya namna nyingine. Mifereji na pampu zilipoongezeka, mkulima wa juu alishiba maji, wa chini akangoja, na matete yaliyo mwisho wa mfereji yakapata masalio. Ugomvi wa zamu na kukauka kwa kinamasi vina chanzo kimoja.

Sheria hazikukosekana. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959. Mwaka 2000 Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na Natron ikaandikishwa mwaka 2001. Manyara na Eyasi hazimo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya maji ya mwaka 2009 iliwapa watumiaji uwezo wa kuunda jumuiya zao wenyewe.

Basi kinamasi hakifufuliwi ufukweni peke yake. Kazi huanza mlimani. Sharti tulime kwa kukingama mteremko, tupande mabingobingo juu ya matuta, tuache matete chini ya chemchemi, na tuheshimu zamu.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Chemchemi ni mtaji wetu, na maji yatiririkayo ni faida yake. Chama kilacho mtaji hakisherehekei miaka kumi mingine. Heroe wanaporudi, nasi tujue kuwa mtaji ungalipo.