Mahali pa Kulala: Madereva wa Malori katika Barabara ya Dar es Salaam–Tunduma tangu 1965

Historia ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia imezoeleka kuandikwa kwa vipimo vya lami, tani za shaba na mapipa ya mafuta. Aliyevibeba vyote hivyo huonekana mara chache, tena akiwa nyuma ya usukani tu. Alilala wapi, alioga wapi, alijisaidia wapi: hayo yalichukuliwa kuwa mambo yake binafsi, ingawa yalitokana na kazi yenyewe.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia. Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikalazimika kuielekea Dar es Salaam. Malori yalipeleka mafuta na kurudi na shaba katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Masika yalikwama topeni, kiangazi yalizama katika vumbi. Wazungumzaji wa Kiingereza waliiita Mbio za Jehanamu. Nafuu ilikuja kwa hatua: bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha lami, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi. Hata hivyo, kila nafuu ilikuwa ya mzigo. Lami ilipunguza siku za safari. Haikujenga bafu wala choo.

Dereva alijitengenezea makazi kutokana na lori lenyewe. Kabini ikawa chumba, na utingo akatandika mkeka chini ya bodi au juu ya shehena. Dumu la maji lilitumika kwa kupikia, kunawia uso na kupoozea injini, na mara nyingi injini ndiyo iliyotangulizwa. Ruaha Mbuyuni, mahali mto ulipo karibu na barabara, palifaa kwa kuoga na kufua kabla ya kuukabili mlima Kitonga. Chakula kilitoka kwa mama ntilie, ambaye pia aliuza maji ya moto na kutunza habari za waliotangulia.

Ni rahisi kudhani kwamba dereva alikwepa nyumba ya wageni kwa ubahili. Fedha ilihusika, kwa kuwa posho isiyotumika njiani ilifika nyumbani. Lakini sababu nzito zaidi ilikuwa ulinzi. Dizeli hunyonywa usiku, turubai hukatwa, na upungufu wa mzigo humrudia dereva. Aliyelala kitandani aliliacha lori peke yake. Aliyelala ndani ya lori hakulala sawasawa. Kwa hiyo usingizi wake ulikuwa nusu lindo.

Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, ulilenga saa 9 za kuendesha kwa siku na saa 10 za mapumziko mfululizo. Tanzania haikuuridhia. Na hata kama ingeuridhia, foleni ya Tunduma ingeufanya mkataba huo uonekane wa ajabu: dereva anayesubiri nyaraka kwa siku mbili hajaendesha hata saa moja, na kwa hesabu ya saa ndiye mtu aliyepumzika kuliko wote. Alichokosa ni mahali pa kupumzikia.

Mwili wa dereva uliingia katika mipango pale ulipoanza kuogopwa. Kati ya mwaka 1990 na 1993 AMREF iliendesha elimu rika na ugawaji wa kondomu katika vituo vya malori nchini Tanzania. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilimtazama dereva kama njia ya virusi kabla ya kumtazama kama mfanyakazi aliyechoka. Mwaka 2020 mtazamo huo ulirudi pamoja na UVIKO-19. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019 ili kufupisha kusubiri, kilijikuta mwezi Mei 2020 kikikabili mpaka uliofungwa na Zambia kwa muda. Madereva walihimizwa kunawa mikono mara kwa mara, wakati wengi wao maji yao yalikuwa yaleyale ya dumu.