Mfereji Mmoja, Wenyewe Wengi

Kwa mapatano ya siku nyingi, maji ya mchana ni ya kijiji cha juu, Vudee, ya usiku ni ya kijiji cha chini, Bangalala. Giza likiingia, wakulima wa juu huuachia mto ushuke. Huko chini maji hayapelekwi shambani usiku. Huingia ndiva, bwawa dogo lililochimbwa mtelemkoni, na kulala humo. Kukicha tundu la chini linazibuliwa, mwenye zamu anamwagilia mahindi yake.

Ndivyo Wapare wa Tanzania walivyokabili nchi yao ya milima. Shengena, kilele cha mita 2,462, hupata mvua na ukungu, na tambarare za wilaya ya Same zinakauka chini yake. Ndiva nyingi zilichimbwa na koo, na ukoo ndio uliopanga zamu. Baadaye kazi hiyo ikashikwa na kamati, na baadhi ya ndiva zikajengewa saruji.

Wahandisi wa kompyuta walifika kwenye swali hilohilo, la wengi kutumia njia moja, wakiwa wamechelewa sana. Miaka ya 1980, W. David Sincoskie wa kampuni ya Bellcore, Marekani, alitaka Ethernet, njia ya kuunganisha kompyuta, ihudumie watu wengi zaidi. Kikwazo kimojawapo: tangazo la kompyuta moja huzifikia zote. Wazo likawa kuipa kila pakiti alama, mithili ya rangi. Mwaka 1998 taasisi ya wahandisi, IEEE, ikalirasimisha kwa kiwango cha 802.1Q: baiti 4 ndani ya fremu, 12 kati ya biti zake zikiwa namba ya mtandao pepe (VLAN), yaani kundi lililotengwa na mengine juu ya nyaya zilezile. Namba zinazotumika ni 4,094.

Fundi anayefunga swichi ya shule mjini Same anaweza kuipa ofisi ya uhasibu namba 10, maabara ya wanafunzi 20, kisha akazigawia milango ya swichi. Waya wa kwenda jengo la pili ndio mfereji mkuu: unabeba zote mbili, kila fremu na alama yake. Akisahau kuiruhusu 20 humo, wanafunzi wa jengo lile wanakaa kama mkulima aliyerukwa zamu.

Ila hapa mfano unakwama.

Maji hayapigwi chapa, ndiyo maana Wapare waligawa saa. Swichi haigawi saa: 10 na 20 zinapita waya mmoja, na wanafunzi wakianza kupakua video, mhasibu anabanwa. Mtandao pepe unatenga, haupimi. Kwenye baiti zilezile 4 zimo biti 3 za kipaumbele. Fundi asipozigusa hubaki sifuri, na wote wanagombea tundu moja.