Kibarua au Mfanyikazi? Ajira ya Muda na Maadili ya Duka Biashara Street



Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mpwa wangu alinikuta barazani, akaniamkia, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Mjomba, mimi ni kibarua au ni mfanyikazi?"

Kijana huyu anauza leso na vikoi katika duka moja la Biashara Street. Huu ni mwezi wake wa kumi na nne. Hulipwa kila jioni mkononi, hana barua, hana likizo, na siku akiugua halipwi. Kila akiuliza huambiwa, "Subiri, mwezi ujao utaandikwa." Mamake anategemea pesa hizo, kwa hivyo kuacha kazi si neno la kusema kwa haraka.

Swali lake nilimjibu kwa kirefu, na nimeona niwaandikie na nyinyi, kwa sababu najua si yeye pekee.

Kwanza tulijue neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Zamani, hapa Mombasa na kule Unguja, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha siku yake, na jina la karatasi likamwangukia mtu. Bandari yetu ilijengwa kwa migongo ya watu hao. Mnamo tarehe 13 Januari 1947 wafanyikazi wapatao 15,000 wa bandarini, reli, hoteli na majumbani waligoma hapa mjini kwa siku kumi na mbili. Walikuwa wakikutana kila siku Majengo, katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuja kuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini mbali na mji huu. Lakini serikali ya kikoloni ilishtuka, na katika miaka ya 1950 ikawasajili vibarua wa bandarini ili kazi yao iwe na utaratibu. Kwa hivyo jambo hili si geni kwetu.

Sasa sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 kinaweka mpaka. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika chini ya miezi mitatu, sheria humhesabu kuwa mfanyikazi wa mshahara wa mwezi, hata kama bado analipwa kila jioni. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu za umma huhesabiwa ndani ya siku hizo. Na akipitisha miezi miwili tangu aanze, anastahili haki zote ambazo angepata lau asingeanza kama kibarua.

Haki hizo ni zipi? Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Likizo ya siku 21 za kazi, yenye malipo, kwa kila mwaka. Akiugua baada ya miezi miwili ya kazi, siku saba za malipo kamili na saba za nusu, akileta cheti cha daktari. Mama mja mzito ana miezi mitatu ya uzazi na baba ana wiki mbili. Na asiachishwe ghafla: mwenye mshahara wa mwezi hupewa ilani ya siku 28. Juu ya yote, kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri hana karatasi, ni juu yake kuthibitisha kwamba masharti hayakuwa vile mfanyikazi anavyodai.

Kwa hivyo jibu la mpwa wangu lilikuwa fupi: kisheria, ukibarua wako uliisha zamani.

Lakini sheria ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni moyo. Nilipokuwa kijana na diploma yangu mpya mfukoni, nilifanya kazi katika maduka mawili ya mtaa huohuo. Katika la kwanza nilikaa karibu miaka miwili. Kila mwisho wa mwezi tajiri alitwambia, "Pumzikeni siku mbili," kisha tukarudi kama wageni, ili hesabu ianze upya. La pili liliniajiri miezi mitatu tu, kuanzia Shaabani hadi baada ya Idi. Siku ya kwanza nilielezwa ujira, saa za kazi na siku ya mwisho, na nikapewa barua. Kila Alhamisi jioni nililipwa bila kukumbusha.

Ajabu ni kwamba nilikuwa na raha zaidi katika kazi fupi. Kule kwa kwanza nilijifunza kuchelewa, kumjibu mteja kwa mkato, na kutojali kama doti imekunjwa vibaya. Kule kwa pili nilijua leso zote kwa majina yake, na bibi harusi akija na mashangazi zake nilitoa jora baada ya jora bila kuchoka.

Baadaye nilisoma kazi za watafiti wawili wa Ubelgiji, Nele De Cuyper na Hans De Witte, nikajiona humo. Walikuta kwamba hofu ya kupoteza kazi hupunguza kuridhika kwa wafanyikazi wa kudumu zaidi kuliko kwa wale wa muda. Sababu wanayoitoa ni matarajio. Aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba kazi ni ya miezi mitatu hakuahidiwa zaidi ya hapo. Aliyetarajia kudumu huiona hofu hiyo kuwa ni ahadi iliyovunjwa.

Ndiyo maana sisemi ajira ya muda ni dhambi. Wenye maduka nao wana mizigo yao: kodi, leseni, na miezi mikavu baada ya msimu wa Idi na harusi. Kuongeza mikono wakati wa msimu ni jambo la haki, na sheria inaruhusu mkataba wa muda maalumu. Ubaya ni kumweka mtu miezi kumi na minne kwa "mwezi ujao." Huo si msimu tena.

Dini yetu nayo imeliweka wazi. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyikazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Qur'ani imetuamrisha kutimiza mikataba. Tunaapa kwamba hatupunji kipimo cha kitambaa. Je, siku za mtu hazina kipimo?

Kwa wenye maduka, nasaha yangu ni ndogo: semeni muda, semeni ujira, andikeni, lipeni kwa wakati, na msiahidi msichokusudia. Hakuna kati ya hayo linalofunga duka.

Kwa vijana: wekeni daftari la siku mlizofanya kazi na malipo mliyopata. Hifadhini jumbe za M-Pesa. Ombeni barua kwa adabu, mkiweza mwende na mtu mzima. Mkikataliwa, nendeni ofisi ya leba; kuuliza huko si kushtaki. Mkifika mahakama ya leba, jueni kwamba dai la ajira lina muda wa miaka mitatu, kisha mlango hufungwa.

Mpwa wangu hajaamua. Anaogopa akiomba barua ataambiwa asirudi kesho, na hofu hiyo siwezi kumwondolea kwa kifungu cha sheria. Nimemwambia nitakwenda naye dukani baada ya Ijumaa, nimsalimie tajiri wake kwa heshima, tuzungumze kama watu wa mji mmoja. Wakati huo ameanza daftari lake, na jana usiku alinionyesha ukurasa wa kwanza.

Sisi watu wa Pwani mtu akipata kazi twasema ameandikwa. Basi na aandikwe.

Wabillahi tawfiq.