Kabla ya Podikasti, Wapagazi Waliimbiana

Wengi husema jina Bagamoyo limetokana na "bwaga moyo". Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka huko, miezi kwa miguu. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Aliyechoka alijua hayuko peke yake.

Reli ikafika Tabora 1912, misafara ikaisha taratibu. Redio ikaanza Dar 1951.

Leo mtu wa Isikizya akifanyiwa upasuaji Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015, anarudi nyumbani na dawa, tarehe ya kliniki na hofu ya usiku. Anawasha simu, anasikiliza podikasti ya waliopitia hayohayo. Dawa haziachwi aisee, ila moyo unaoogopa unahitaji wa kuuitikia. Wewe ukiogopa usiku, unamsikiliza nani?