Mkate wa magadi na viazi: chakula cha vijijini Ireland

Mkate wa kienyeji wa Ireland hauna hamira. Una vitu vinne tu: unga wa ngano, chumvi, magadi na maziwa yaliyochacha. Leo tunaangalia ulivyotokea, pamoja na kiazi, zao lililowalisha watu wa huko kisha likawaponza.

Kwa nini magadi?

Ireland ni nchi ya mvua na baridi. Ngano yake hutoa unga laini usiovutika sana, usioumuka vizuri kwa hamira. Katika karne ya 19 yaliingia magadi ya kuokea, yale ya unga mweupe wa dukani. Wenye ng'ombe walikuwa na maziwa yanayobaki baada ya kusuka na kutoa siagi. Uchachu wa maziwa hayo ukikutana na magadi hutoa mapovu, na mapovu ndiyo yanayoinua mkate. Unga haukandwi sana wala hausubiri kuumuka.

Nyumba nyingi hazikuwa na oveni. Mkate uliwekwa ndani ya sufuria nzito ya chuma, kwenye moto wa mboji iliyokatwa vinamasini na kukaushwa, na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko, kama tunavyopalia wali. Juu ya mkate huchanjwa msalaba. Husaidia joto kufika katikati, na wengi huuona pia kuwa ni baraka.

Kiazi kilipooza

Kabla ya 1845, familia maskini zilikula viazi asubuhi hadi jioni, kwa maziwa hayo hayo. Mwanamume wa kazi ngumu aliweza kumaliza zaidi ya kilo 5 kwa siku. Kishamba kidogo kilitosha kulisha nyumba, lakini wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa lumper.

Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa bakajani chelewa, ule ule unaowasumbua wakulima wetu wa viazi na nyanya. Viazi vilioza shambani na ghalani. Hadi 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wamehama, huku nafaka na mifugo ikiendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Mahindi yaliletwa kutoka Marekani, lakini wengi hawakujua kuyapika, na unga uliosagwa vibaya uliwaumiza matumbo.

Mezani leo

Viazi bado vinaliwa. Colcannon ni viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na kabichi au sukuma wiki. Boxty ni chapati ya viazi vilivyokunwa. Mkate wa magadi nao huliwa kwa siagi na chai.

Kwa mkulima anayetusikiliza, somo la Ireland ni hili: zao moja, tena la mbegu ya aina moja, likishambuliwa, nyumba nzima hulala njaa. Changanya mazao, changanya na mbegu.