Talking About Trees

Talking About Trees ni filamu ya hali halisi iliyotoka mwaka 2019, ikiongozwa na Suhaib Gasmelbari wa Sudan. Inawafuata watengenezaji filamu wanne wakongwe, Ibrahim Shaddad, Suliman Ibrahim, Eltayeb Mahdi na Manar Al Hilo, wakihangaika kufungua tena jumba la sinema mjini Omdurman, ng'ambo ya Khartoum. Jina lake limetokana na shairi la Mjerumani Bertolt Brecht.

Usuli

Shaddad alisomea filamu Ujerumani Mashariki, Suliman Moscow, naye Mahdi Cairo. Katika miaka ya 1970 walifanya kazi katika idara ya filamu ya Wizara ya Utamaduni na kuhariri jarida la sinema. Aprili 1989 walianzisha Kikundi cha Filamu cha Sudan ili wapate kufanya kazi bila kuitegemea serikali. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, jeshi likiongozwa na Omar al-Bashir lilitwaa madaraka. Vyama vya utamaduni vilipigwa marufuku, na majumba ya sinema yakafungwa moja baada ya jingine. Kikundi kilisajiliwa tena mwaka 2005.

Maudhui

Mwanzoni umeme umekatika, na wazee hao wanaigiza gizani sehemu ya filamu ya Marekani, Sunset Boulevard. Baadaye wanabeba projekta hadi vijijini na kuwaonyesha watu filamu ya Charlie Chaplin. Suliman anapiga simu Urusi kuitafuta filamu aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi.

Huko Omdurman wanasafisha jumba lisilo na paa, wanawauliza wakazi wangependa kuona nini, na filamu inayochaguliwa ni Django Unchained. Kila wanapojaribu sauti, adhana za misikiti ya jirani zinaingiliana nayo. Kikwazo kikubwa zaidi ni kibali: wanatumwa ofisi hadi ofisi, na ruhusa haipatikani.

Vipande vya kazi zao za zamani, kama vile Jamal ya Shaddad kuhusu ngamia azungushaye kinu cha kukamulia mafuta, vinadhihirisha ustadi uliokatizwa ukiwa bado mbichi.

Mapokezi na umuhimu

Katika tamasha la filamu la Berlin la mwaka 2019, filamu hii ilishinda tuzo ya filamu bora ya hali halisi pamoja na tuzo ya watazamaji ya sehemu ya Panorama. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Aprili, al-Bashir aling'olewa kufuatia maandamano ya wananchi.

Thamani yake kubwa ni kuonyesha kwamba sinema ya taifa haiishii kwenye filamu zilizohifadhiwa. Sudan ilikuwa na waongozaji hodari na watazamaji wenye hamu. Ilichonyang'anywa ni mahali pa kukutana. Kwa hiyo mapambano ya wazee hawa ni ya kudai haki ya umma kukusanyika, kucheka na kufikiri pamoja.